Sura ya Saba: Mtu Nyuma ya Punda

Kabla hujamcheka Bi Kadi kwa kumwogopa punda wa mpira, ngoja kwanza nikueleze huyo punda mwenyewe.

Alikuwa muhuri wa ukubwa wa kiganja. Ukimpaka wino na kumgandamiza kwenye karatasi ngumu, anatokea punda wa suti na tai, kasimama kwa miguu miwili mbele ya mlango uliofungwa. Kwato moja inabisha hodi, nyingine imeshika shada la maua yaliyokwisha kunyauka. Chini yake Bi Kadi alichapa maneno kwa herufi moja moja za mpira: "Najua nimechelewa. Lakini maua niliyanunua mapema." Ilikuwa kadi ya kumpelekea mtu ambaye umesahau siku yake ya kuzaliwa, na kwa kuwa wasahaulifu hawakosekani duniani, punda huyo aliingia nyumba nyingi kuliko kuku mwenye mkoba, mbuzi anayeng'oa watu meno, na wanyama wengine wote wa mezani pale.

Aliyemchonga ni marehemu mume wake. Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mchongaji. Yeye alichonga, mkewe akatunga maneno na kuchapa, wakawa chanda na pete; ukipita dirishani kwao ulisikia vicheko viwili kabla hujasikia harufu ya wino. Punda ndiye muhuri wake wa mwisho. Alimchonga kitandani, sinia juu ya magoti, katika mwezi ule ambao daktari alikuwa ameshamwambia ukweli na yeye hajamwambia mtu. Wiki mbili baada ya kumkabidhi mkewe punda, alifariki. Bi Kadi alikuwa na miaka ishirini na minane, na kuanzia siku hiyo aliendelea kuwachekesha watu bila mwenyewe kucheka.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Kisha, wiki sita kabla ya Jumamosi ninayotaka kukusimulia, nyuma ya punda, pale palipokuwa peupe siku zote, pakatokea doa.

Alidhani ni uchafu. Aliuosha muhuri kwa sabuni na mswaki mkuukuu, akaukausha, akachapa tena. Doa likarudi, safari hii limekua. Juma lililofuata lilikuwa na umbo la kichwa cha mtu. Ikaja shingo, halafu bega moja, halafu la pili. Kichwa chenyewe hakikuwa na macho, wala pua, wala mdomo. Kilikuwa na mistari myembamba tu kutoka juu kwenda chini, kama nywele zilizomfunika mtu uso. Na lililomtia Bi Kadi ubaridi wa mgongo ni kwamba kadiri mtu yule alivyokolea, punda alififia.

Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wa miaka mingi, aliirudisha kadi yake ndani ya bahasha.

"Binti yangu," alisema, "nilikuja kununua kadi ya punda. Hii ina mtu."

"Ni doa la wino, mwalimu."

"Doa halina mabega. Niliiweka juu ya meza ya kulia, nikashindwa kula. Kila nikiinua macho nahisi ananitazama, na macho hana. Nipe kuku."

Bi Kadi akampa kuku. Jioni ile ile akautia muhuri ndani ya kopo la biskuti, akalifunika, akalipandisha juu ya kabati. Akajiambia basi, punda amestaafu.

Siku ya tatu, asubuhi, alipofungua chumba cha kazi alikuta kadi mezani. Aliigusa, wino ukamshika kidoleni. Punda alionekana kwa shida, na nyuma yake yupo yule mtu, sasa amefika kiunoni. Kopo lilikuwa palepale juu ya kabati, limefunikwa. Bi Kadi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu, yeye na mama mkwe wake. Baada ya mazishi hakuna aliyemwambia aondoke, naye hakuwaza kumwacha mama wa watu peke yake. Walipikiana, waliuguzana, walikaa kimya pamoja. Mama mkwe alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, na asubuhi hiyo alikuja akasimama mlangoni, akaitazama kadi kwa muda mrefu.

"Mama," Bi Kadi aliuliza, "uliingia humu?"

Mama mkwe hakujibu swali.

"Huyo ni mwanangu," alisema. "Anakuja. Anayosikia huko aliko hajayaafiki."

Na hapo, msomaji wangu, lazima nikuambie kilichokuwa hakijaafikiwa.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la miwani. Mwenye duka alipima macho ya watu na kukata vioo kwa mkono wake mwenyewe, na mtaa ukampa jina la Miwani. Alikuja siku moja kuagiza kadi za kuwakumbusha wateja wake waliopotea. Bi Kadi akamtungia mnyama fuko aliyevaa miwani mikubwa, na maneno: "Sisi tunakuona. Wewe je?" Miwani alicheka mpaka akafuta macho. Akarudi kesho yake kwa ajili ya bahasha, ambazo alikuwa nazo. Akarudi tena kwa ajili ya wino, ambao hakuuhitaji. Penzi na kikohozi havifichiki, na huyu alikohoa miezi mitano kabla ya kusema. Siku aliposema, akiwa amekalia kiti cha wateja na kofia mapajani, Bi Kadi hakujibu neno. Aliinama akachapa punda. Hiyo ndiyo siku doa lilipotokea.

Tangu hapo, kila Miwani akija, mtu wa kwenye kadi huongezeka. Bi Kadi aliliona hilo. Mama mkwe alikuwa ameliona kabla yake.

Sasa ndiyo tumefika Jumamosi. Wajomba wawili wa Miwani walikuwa waje saa kumi alasiri kusikia jibu: ndiyo au hapana. Walishaahirishiwa mara mbili, na mjomba mkubwa alisema hakuna mara ya tatu. Mbingu zilikuwa zimefunga tangu asubuhi bila mvua kunyesha, hakuna upepo, na chumbani giza lilikuwa la jioni ingawa saa ilikuwa saba na nusu mchana. Mama mkwe alikuwa amezipanga kadi zote zenye mtu kwenye kamba ya kukaushia, moja baada ya nyingine kwa vibanio, kuanzia doa hadi ya juzi, aliyoichapa Bi Kadi mwenyewe alipotaka kuhakikisha.

"Tazama hii ya mwisho," mama mkwe alisema. "Amefika magotini. Imebaki miguu tu. Mtu akishapata miguu atashindwa nini kufika?"

"Mama, usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Mwanangu sikumzuia kitu akiwa hai, nimzuie leo?"

"Kwa hiyo nikatae?"

"Mimi sijakwambia ukatae. Mimi nakwambia yuko njiani. Ukimkaribisha mwingine sebuleni, na huyu akafika, utamweka wapi?"

Bi Kadi alitaka kusema kwamba wafu hawahitaji viti. Ulimi haukunyanyuka, kwa sababu na yeye alikuwa akiogopa jambo hilohilo. Usiku na mchana, akifumba macho, alimwona yule mtu asiye na uso akipiga hatua kumjia. Tena nikuambie ukweli, kilichomuumiza zaidi si woga. Ni kwamba alikuwa amempenda mume wake kwa moyo wote, na sasa anamwogopa.

Saa tisa na nusu Miwani alibisha hodi. Alikuja peke yake, kabla ya wajomba. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi vizuri upande mmoja tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama mkwe alijibu, macho yakiwa kwenye kamba. Akatoka taratibu, akaenda chumbani kwake. Mlango wa chumba hicho haukufungwa wote.

Miwani alibaki amesimama. Bi Kadi alimtazama mara moja tu, akashusha macho, lakini mara moja ile ilitosha kumwambia mwanamume yule kwamba hajalala.

"Umekonda," Miwani alisema.

"Ndicho ulichokuja kuniambia?"

"Nimekuja kukuuliza kabla wao hawajakuuliza. Likiwa hapana, niambie mimi, hapa, nikalilie kwangu nyumbani. Sitaki kulisikia mbele ya mjomba wangu. Yule mzee hajui kunyamaza."

Midomo ya Bi Kadi ilitaka kutabasamu, ikaghairi. Akanyoosha kidole kwenye kamba.

"Jibu langu liko pale. Ulishawahi kuziangalia vizuri?"

Hakuwahi. Bi Kadi alikuwa akizificha kila alipokuja. Miwani akatembea kutoka kadi ya kwanza hadi ya mwisho, mikono nyuma, kama anavyotembea mtu msibani. Alipofika ya mwisho aliivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu ni nani?"

"Wewe unadhani ni nani? Ameanza kutokea siku uliyosema unanipenda. Kila ukija anaongezeka. Nimemwosha kwa sabuni. Nimemfungia kwenye kopo, akajichapa mwenyewe. Mama anasema amekuja kunizuia." Akageukia meza. "Mimi si mtu wa mambo hayo, unanijua. Lakini nionyeshe wewe mtu anayeweza kuingia kwenye karatasi bila kuchorwa."

"Nipe huo muhuri."

Aliutoa kwenye kopo na kumpa. Miwani akasogea dirishani, akatoa mfukoni lenzi ndogo ya kazini, ile anayobana kwenye jicho akikagua kioo, akauinamia mpira. Aliuinamisha huku, akauinamisha kule, mwanga hafifu ukipita juu yake. Dakika zilikwenda. Bi Kadi aliona taya lake likikaza, halafu likilegea.

"Ni uchafu," alisema hatimaye. Akaibandua lenzi jichoni. "Mpira umezeeka, unashika wino ovyo. Utupe tu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Aliuweka mezani, akachukua kofia, akasema atawasubiri wajomba nje. Alifika mlangoni. Mkono ulishika kitasa, ukabaki hapo. Bi Kadi alimwona kwa nyuma, mabega yakipanda na kushuka, na akaona kwamba hata Miwani sasa alikuwa mtu asiye na uso.

Miwani akageuka.

"Nimekudanganya."

"Unasemaje?"

"Si uchafu. Nilitaka awe uchafu." Akarudi, akaketi kwenye kiti cha wateja. "Kazi yangu ni kuwasaidia watu kuona kilicho mbele yao. Leo nimeona, nikakwambia hakuna kitu. Nisamehe. Nilimwonea wivu mtu aliyekufa."

"Umeona nini?"

"Sogea."

Alimbania lenzi jichoni, akamshika kidevu kwa ncha za vidole, akamwelekeza kwenye mpira. Walikuwa karibu hivi kwamba kila mmoja alisikia pumzi ya mwenzake. Mwanzoni Bi Kadi hakuona ila weusi. Kisha macho yakazoea.

"Unaona huyu punda yuko juu?" Miwani alisema taratibu. "Na huyu mtu yuko chini yake kwa unene wa unywele, na kadiri unavyoshuka miguuni ndivyo alivyochongwa chini zaidi. Pembeni pote pamefukuliwa kwa kisu, safi, makusudi. Punda alipokuwa mpya, ndiye peke yake aliyegusa karatasi. Ukichapa leo, ukichapa kesho, mpira unalika. Punda anashuka. Siku wakilingana urefu, na huyu anaanza kugusa. Hajaja kutoka popote. Alikuwamo tangu siku ya kwanza."

"Amechongwa?"

"Amechongwa. Kwa mkono wa mumeo na kisu chake. Alijua kwamba punda ataisha, na alijua kwamba akiisha, huyu ndiye atakayebaki."

Bi Kadi alikaa chini. Akaibana mikono katikati ya magoti.

"Mbona ni siku unazokuja wewe?"

Miwani aliigeuza lenzi kidoleni. Uso ulimwiva kidogo.

"Kwa sababu siku nikija mimi unabonyeza kwa nguvu," alisema. "Nimekuwa nikikutazama. Siku nyingine unachapa kama unapapasa. Mimi nikiingia, unagandamiza meza inalia. Sikujua kwa nini. Nilijipa sababu zangu, nikaondoka na furaha mpaka ng'ambo."

Yule mjane alitazama mikono yake. Alitambua kuwa ni kweli. Miezi yote hiyo ulimi ulikuwa umekataa kusema, na mikono ilikuwa ikisema kwa sauti.

"Na ile iliyotoka kopo likiwa limefunikwa?"

"Hiyo siijui. Mpira haushuki kabatini peke yake."

Kwenye korido ubao wa sakafu ulilia mara moja, kisha ukanyamaza. Wote wawili waligeuza shingo. Hakuna aliyekuja.

"Kwa hiyo ni yeye," Bi Kadi alinong'ona. "Hata kama si mzuka, ni yeye. Amejichonga mwenyewe anakuja. Alijiweka miaka mitatu mbele, ili nikijisahau, anikute. Si ndiyo maana yake?"

"Sijui maana yake. Miguu iko chini sana, kwenye giza, hata lenzi haiioni."

"Mama anasema akipata miguu atafika."

"Unataka kujua?" Miwani aliuliza. "Ukiweka kitambaa laini chini ya karatasi, ukapaka wino mwingi, ukagandamiza kwa uzito wako wote, mpira utazama na kila kilichomo kitagusa. Atatoka mzima leo hii, hakuna kungoja mwezi mwingine. Au tuutupe jikoni, tusijue kamwe. Mimi ningependa tuutupe. Nakwambia wazi ili usije ukasema nilijifanya mwema."

"Na akitoka amenyoosha mikono ananiita?"

Mwanamume yule aliichukua kofia yake.

"Basi nitatoka nje, niwaambie wajomba turudi. Sitashindana naye. Mtu ameweza kuchonga jambo hili akiwa kitandani, mimi nimechonga nini?"

Walitazamana. Ilikuwa ile namna ya kutazamana ambayo mtu anajua baada yake hakuna kurudi pale alipokuwa. Ghafla Bi Kadi alitaka kumwomba Miwani asiondoke, vyovyote atakavyotoka mtu wa kwenye mpira. Lakini alijua kwamba asipomwona yule mpaka miguuni, atamwogopa maisha yake yote, na nyumba yoyote atakayoolewa ataingia naye.

Akachukua taulo dogo, akalikunja mara mbili mezani. Juu yake akaweka karatasi ngumu nyeupe. Akaupigapiga muhuri kwenye pedi ya wino mpaka mpira ukang'aa wote.

"Geuka," alisema.

Miwani aligeuka akatazama ukuta.

Bi Kadi alisimama, akaweka viganja viwili juu ya kibao cha nyuma ya muhuri, akaegemea. Meza ililia. Taulo lilizama. Aliegemea mpaka visigino vikainuka sakafuni, akahesabu pumzi tano, halafu akainua muhuri upande mmoja kwanza, polepole, maana hivyo ndivyo alivyofundishwa na aliyeuchonga.

Chumba kilikuwa kimya hata saa ya ukutani ikawa inapiga kelele. Miwani alisubiri. Hakusikia kitu. Kisha alisikia sauti iliyomsimamisha nywele, ndogo, ya kukatakata, akadhani mwanamke amepaliwa, au analia. Aligeuka bila kuruhusiwa.

Bi Kadi alikuwa anacheka.

Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja chenye wino, machozi yanamtoka, anacheka. Hakuweza kusema. Alimsukumia kadi.

Mtu alikuwa mzima, kuanzia utosi hadi viatu. Na viatu ndivyo vilivyosema yote, kwa sababu vilionyesha visigino. Mistari ile kichwani haikuwa nywele zilizofunika uso. Ilikuwa kisogo. Alikuwa mtu aliyekupa mgongo, begi begani, anatembea kwenda zake, na mkono mmoja ameuinua juu kuaga bila kugeuka. Punda kwa mbele anabisha hodi na maua yake makavu. Mwenye nyumba, nyuma yake, amechoka kungoja, anaondoka.

"Ni mzaha," Bi Kadi alisema alipopata pumzi. "Huu ndio mzaha wenyewe. Nimeuuza nusu yake miaka mitatu. Punda amechelewa hata mwenye sherehe ameshajiendea. Na punda hamwoni." Akacheka tena, na katikati ya kicheko kilio kikapita. "Hakuja, Miwani. Mimi namkimbia mtu anayeondoka."

Miwani hakumgusa. Alijua kwamba kicheko kile si chake, akakiacha kiishe chenyewe.

Mlango ulisukumwa. Mama mkwe alikuwa amesimama, mkono kifuani, uso umempauka.

"Nani amecheka humu?"

"Mimi, Mama."

"Nilidhani..." Hakumalizia alichodhani. Macho yake yaliiona kadi mkononi mwa Miwani. "Amefika?"

Bi Kadi alimpa. Yule mama alikwenda nayo dirishani, akaishika mbali, halafu akaileta karibu. Wala hakuhitaji lenzi. Kidole chake kilifuata ule mgongo toka begani hadi kisigino bila kuugusa wino.

"Huyu ni yeye," alisema. "Anaondoka."

"Sikumtambua, Mama. Wiki sita namtazama, sikumtambua."

"Ungemtambuaje? Wewe ulizoea kumwona akirudi. Mimi ndiye niliyemwona akienda. Tangu siku ya kwanza ya shule, nasimama mlangoni, namtazama mpaka kona. Hageuki. Ananyanyua mkono hivi, anajua nipo, hageuki." Akauinua mkono wake mwenyewe, akaushusha. "Mgongo huu naujua kuliko uso wake."

Alivuta kiti, akaketi. Alionekana mdogo kuliko siku zote.

"Ile kadi ya kopo ni mimi," alisema. "Niliushusha muhuri alfajiri, nikachapa, nikaurudisha kabatini. Na nyingine nne ziko chini ya mto wangu. Nilidhani namvuta aje. Kumbe kila nikimvuta..." Alikitazama kile kisogo. "Mpima macho."

"Naam, mama."

"Mpira huu una mara ngapi zaidi?"

Miwani aliutazama muhuri, akamtazama yeye, akaona hapa hakuna nafasi ya uongo wa pili.

"Chache, mama. Kila akichapwa naye analika."

"Basi usiguswe tena." Aliuchukua, akaufunika kwa kiganja mapajani mwake, wino ukamchafua nguo na hakujali.

Nje gari lilizimwa. Milango miwili ilifungwa, mmoja baada ya mwingine, na sauti nzito ya mjomba mkubwa ikasikika ikiuliza kama ni nyumba hii au ile. Wakabisha hodi. Miwani hakutikisika.

"Niwaambie nini?" aliuliza, na sauti ilikuwa ya mtu aliyejiandaa kwa lolote.

Bi Kadi alifuta machozi kwa mkono wa wino, akabaki na mstari mweusi shavuni. Alimtazama mama mkwe wake kwanza, kwa sababu hakuwa mtu wa kumruka mama wa watu hata kwa furaha yake mwenyewe.

"Usiwaambie kitu," alisema. "Nitawaambia mimi. Nitawaambia nimekubali. Na kwamba siondoki nyumba hii bila mama yangu."

Miwani alifungua mdomo, akaufunga, akatikisa kichwa kukubali mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Hodi ikapigwa tena.

Mama mkwe hakuinua uso. Alikuwa ameiegemeza kadi kwenye chupa ya wino mbele yake, ikauke.

"Nenda kawafungulie, mwanangu," alisema. "Mimi nitakaa na huyu kidogo, mpaka afike kona."